Beyaynetu: sinia la mfungo kwenye mgahawa wa Kihabeshi

Beyaynetu ni mlo wa Kihabeshi unaopakuliwa kwenye sinia moja. Injera, mkate bapa laini wa unga uliochachuka, hutandikwa chini, kisha juu yake huwekwa mafungu madogo sita hadi kumi: michuzi ya adesi na njegere, mboga za majani, kabichi, kiazi sukari, kachumbari. Kwenye sinia la mfungo hakuna nyama, maziwa, siagi wala yai. Kwenye mgahawa mdogo wa Addis Ababa, ukilitaja neno hilo siku ya Jumatano mhudumu anaondoka moja kwa moja kwenda jikoni. Ukilitaja Jumamosi, huenda akakuuliza: ya tsom au ya fisik? Hapo ndipo wageni wengi hukwama.

Tsom ni mfungo, na anayejua saumu hatalisahau neno hilo. Fisik ni siku za kula kila kitu. Menyu za nje ya Ethiopia, kuanzia Nairobi hadi Washington, huiita beyaynetu mchanganyiko wa mboga. Si uongo, ila jina hilo linaficha jambo lenye faida kwa mlaji: sinia hili limetokana na kalenda ya Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo, na siku utakayoingia mgahawani ndiyo huamua kilichomo sufuriani.

Waumini wa kanisa hilo hufunga kila Jumatano na Ijumaa. Juu ya hizo kuna mifungo mirefu: Hudade, siku 55 kabla ya Pasaka yao iitwayo Fasika, Filseta, siku 15 za Agosti, kuanzia tarehe 7 hadi 21, na mfungo wa manabii, unaoanza mwishoni mwa Novemba hadi mkesha wa Krismasi yao ya 7 Januari. Ukijumlisha na mingine midogo, mwumini wa kawaida hufikisha siku zipatazo 180 kwa mwaka, na mapadri na watawa huzidi hapo. Jiko linalopika bila nyama karibu nusu ya mwaka haliwezi kuwa na adesi za kubahatisha.

Kuna kipindi kimoja kinachowakosesha watu hesabu. Kwa siku 50 baada ya Fasika, Jumatano na Ijumaa hazifungwi kabisa. Mwaka 2026 Fasika ni 12 Aprili, kwa hiyo hadi mwisho wa Mei unaweza kuingia mgahawani siku ya Ijumaa ukaambiwa beyaynetu ya tsom haijapikwa leo, maana wateja wote wanataka nyama. Kinyume chake ni Hudade: wakati huo mabucha mengi ya Addis Ababa hufungwa, na anayetamani kitfo, nyama mbichi iliyokatwakatwa, atatafuta sana.

Mfungo wenyewe una saa zake pia. Wanaoushika kwa ukamilifu wakati wa Hudade hawali wala kunywa hadi saa tisa alasiri. Hapo Mswahili ana nafuu kuliko mgeni kutoka Ulaya: Ethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia mawio, hivyo saa tisa ya mwenyeji wako ndiyo saa tisa yako.

Kwa maoni yetu, siku bora ya kuagiza beyaynetu ni Jumatano au Ijumaa ya kawaida, mchana. Siku hizo ndizo sufuria zote zinapikwa kwa wingi na kuisha kwa haraka. Siku ya fisik, mgahawa mdogo unaweza kukupakulia adesi za jana zilizopashwa moto, au mafungu manne tu badala ya manane.

Jambo la pili ni mafuta. Siku za mfungo kila kitu hupikwa kwa mafuta ya mimea. Siku nyingine mpishi anaweza kutumia kibe, yaani siagi iliyoyeyushwa na kuchemshwa polepole pamoja na viungo kisha ikachujwa. Ina harufu nzuri, lakini huingia mahali usipoitarajia. Sukuma wiki na shiro (mchuzi wa unga wa dengu) ndizo zinazoongoza kwa kutiwa kibe kimyakimya, kwa sababu zote mbili hunoga zaidi nayo. Usiyekula maziwa, usiridhike na jibu kwamba chakula hakina nyama. Uliza “kibe alew?”, ina siagi? Au sema tangu mwanzo kwamba unataka ya tsom, na mpishi ataelewa masharti yote kwa mara moja. Samaki ni mjadala. Wapo wafungaji wanaomla na wapo wasiomgusa, kwa hiyo usishangae kumkuta kwenye orodha ya vyakula vya mfungo. Na kumbuka kwamba si kila mgahawa wa Kihabeshi ni wa Waorthodoksi. Eastleigh, Nairobi, wapo Waoromo Waislamu, na kwa mwenye mgahawa Mwislamu Jumatano ni siku kama nyingine.

Sasa sinia lenyewe. Michuzi yake imegawanyika pande mbili: wot, ile nyekundu yenye berbere (mchanganyiko wa pilipili na viungo), na alicha, ile ya manjano iliyotiwa binzari na isiyo na ukali. Sinia zuri lina pande zote mbili, ili ulimi upumzike. Ukiletewa mafungu matano yote mekundu, mpishi amefanya uvivu.

Msingi wa wot ni vitunguu, na hapo ndipo mapishi mengi ya nyumbani yanapoharibika. Chukua misir wot, mchuzi wa adesi nyekundu (kamande, kwa Wakenya). Kwa nusu kilo ya adesi unahitaji vitunguu vikubwa vinne au vitano, vilivyokatwa vidogo mno. Huwekwa sufuriani vikavu, bila mafuta, moto mdogo, vikikorogwa kwa dakika 15 hadi 20 na kunyunyiziwa maji kidogo vikianza kushika chini. Vikishalainika na kurojeka ndipo hutiwa mafuta nusu kikombe, kisha berbere vijiko vitatu vya chakula. Berbere nayo hukaangwa dakika kumi hivi, huku ukinyunyiza maji ili isiungue. Halafu kitunguu saumu, tangawizi, adesi na maji, na dakika nyingine 20 au 25. Anayetanguliza mafuta anapata vitunguu vya kukaanga vinavyoelea, na mchuzi hauwi mzito. Anayeharakisha berbere anabaki na ladha ya unga mbichi unaokwaruza koo. Ikiungua, inakuwa chungu na haiokoleki. Mezani utaitambua misir iliyoiva vizuri kwa mafuta mekundu yaliyojitenga kidogo pembeni na kwa kukosa maji yanayokimbia.

Berbere si pilipili ya kusaga tu. Ndani yake mna pilipili nyekundu kavu, kitunguu saumu, tangawizi, uwatu, habasoda, korarima ambayo ni ndugu wa iliki, na vingine kadiri ya nyumba. Mitmita ni kitu kingine: kali zaidi, nyepesi kwa viungo, na kwa kawaida huandamana na nyama. Ukiona kijisahani cha unga mwekundu wa rangi ya machungwa, onja kwa ncha ya kidole kwanza.

Upande wa manjano kuna kik alicha, njegere kavu zilizopasuliwa, na tikil gomen, yaani kabichi, karoti na viazi. Shiro hutengenezwa kwa unga wa dengu, zile zile zinazotoa unga wa bajia, uliosagwa pamoja na viungo. Huwekwa katikati ya sinia au huletwa peke yake kwenye chungu kidogo ikiwa bado inachemka, na hapo huitwa tegabino. Angalia jina bozena shiro: hiyo ina vipande vya nyama. Gomen ni majani ya jamii ya sukuma wiki. Fosolia ni maharage mabichi na karoti, key sir ni kiazi sukari, na azifa ni adesi za kijani zilizopoa na kutiwa haradali na ndimu. Kachumbari ya nyanya hufunga orodha. Ikiwekwa katikati bila kukamuliwa maji, hulowesha kila kitu, na ndiyo kasoro ya kawaida ya migahawa inayopakua kwa haraka.

Injera hustahili kutazamwa kabla ya kuguswa. Hutengenezwa kwa unga wa tefu, nafaka ya Ethiopia yenye punje ndogo mno. Unga huchanganywa na maji na chachu iitwayo ersho, yaani maji ya manjano yanayokaa juu ya kinyunya cha awali, kisha huachwa siku mbili au tatu. Sehemu ndogo ya kinyunya huchemshwa hadi iwe uji mzito na kurudishwa, hatua inayoitwa absit, na hiyo ndiyo huipa injera ulaini na matundu. Humiminwa kwa mzunguko kutoka ukingoni kuelekea katikati juu ya mitad, kaango bapa la udongo lenye upana wa sentimita 50 hadi 60, hufunikwa, na baada ya dakika mbili au tatu imeiva. Haigeuzwi, tofauti na chapati.

Matundu ya juu huitwa macho. Injera isiyo na macho ilimiminwa nzito au mitad haikupata moto. Ikinata vidoleni haikuiva. Ikipasuka ukingoni imekaa wazi kwa muda mrefu. Uchachu kidogo ni sifa yake, lakini ukizidi hadi kufunika ladha ya mchuzi, kinyunya kilipitiliza, na hilo hutokea upesi zaidi penye joto, kama Mombasa au Dar es Salaam. Tefu haina gluteni, ila nje ya Ethiopia unga huo ni ghali na mara nyingi huchanganywa na wa ngano, shayiri au mchele. Mwenye ugonjwa wa gluteni aulize kabla ya kuagiza, na aulize jikoni, si kwa anayepokea fedha.

Kula kwenyewe kuna utaratibu mwepesi. Unanawa, kwa birika na beseni au kwenye bomba la pembeni, na unatumia mkono wa kulia. Injera za kumegea huletwa zikiwa zimekunjwa pembeni. Mega kipande cha upana wa vidole vitatu, funika nacho mchuzi, ubane, upeleke mdomoni bila vidole kugusa ulimi. Kula upande wako. Usianze kumega injera ya chini, kwa sababu utatoboa tandiko na michuzi itamwagika kwenye bati. Hiyo huliwa mwisho, ikiwa imekunywa kila kitu, na wengi huiona ndiyo tamu kuliko yote. Mwenzako akikulisha tonge kwa mkono wake, hiyo ni gursha, heshima na upendo. Fungua mdomo, upokee, na ujue huenda la pili linafuata.

Kwa watu wawili, beyaynetu moja kubwa na tegabino moja zinatosha. Uliza mapema kama injera za kuongeza zinalipiwa, kwa kuwa migahawa hutofautiana. Kahawa ya jebena, birika la udongo, ina raundi tatu, abol, tona na bereka, na kwa kuwa buni hukaangwa hapo hapo, hesabu nusu saa hadi saa nzima. Mwenye haraka aombe makiato, kahawa ya mashine yenye maziwa kidogo. Bili ni hisab.

Chakula kikibaki, usikubali kifungwe pamoja. Injera iliyolala ndani ya mchuzi usiku kucha huwa ujiuji. Omba michuzi na injera vitengwe, na asubuhi uchane injera vipande, uvigeuze kwenye wot iliyopashwa moto kwa vijiko vichache vya maji. Hiyo ni firfir, na migahawa hiyo hiyo huiuza kama kifungua kinywa.