Mbwa Hunusa Msongo Wako, na Paka Husoma Uso Wako

Katika kazi yetu ya udaktari wa wanyama, tunaambiwa mara kwa mara kwamba mbwa fulani "anajua" siku bwana wake alipovurugwa kazini. Anajua, kweli. Hajui kisa, lakini harufu anaipata.

Mtu akipatwa na msongo, moyo huenda mbio, pumzi hubadilika, na homoni kama adrenalini na kotisoli huongezeka mwilini. Dalili zake hutoka kwenye jasho na hewa tunayoitoa. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, waliwataka watu wahesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 9,000, wakitoa 17 kila mara, huku wakitazamwa. Walichukua jasho na pumzi zao kabla na baada. Mbwa wanne waliofunzwa kunusa walitambua sampuli ya msongo karibu mara 94 katika kila 100, ingawa mbwa hao hawakuwafahamu kabisa watu wenyewe.

Na harufu hiyo haimpiti hivihivi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, uliotoka mwaka 2024 uligundua kwamba mbwa walionusishwa harufu ya mgeni mwenye msongo walisita zaidi kuliendea bakuli ambalo hawakuwa na hakika kama lina chakula. Tamaa ya kujaribu iliwapungua. Miaka mitano kabla ya hapo, huko Linköping, Uswidi, watafiti walipima kotisoli katika nywele za watu na manyoya ya mbwa wao. Viwango vilielekea kufuatana, cha mtu kikiwa juu na cha mbwa pia.

Kwa hiyo nina wasiwasi kidogo na ile picha ya mbwa mfariji. Wapo wanaokuja na kulaza kichwa pajani, na raha wanaiona wao pia. Lakini mtazame vizuri ukiwa umemkumbatia huku unalia: anageuza uso pembeni, anajilamba pua haraka haraka, anapiga miayo wala hana usingizi, weupe wa jicho unajitokeza. Huyo anaomba nafasi. Mwachie aondoke; akitaka atarudi mwenyewe. Milo na matembezi yabaki kwa saa zake hata siku nyumba imechafuka, maana ratiba humtuliza kuliko maneno ya kumbembeleza.

Paka wamesingiziwa mno kuwa hawajali. Watafiti wa Milan, Italia, waliwaweka mbele ya feni iliyofungwa utepe unaopepea, kitu wasichokijua, na wengi wao waligeuka kumtazama mtu anayewafuga kabla ya kuamua la kufanya. Ila paka akizidiwa hakuletei shida yake mbele. Hujificha chini ya kitanda, hujilamba tumbo mpaka manyoya yanyonyoke, au huacha kutumia sanduku lake la choo. Usimchape kwa kukojoa zulia: msongo huchangia kuvimba kwa kibofu cha mkojo kwa paka, na hofu ya kipigo huzidisha tatizo. Paka dume akienda chooni mara kwa mara, akajikamua na mkojo usitoke, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Njia ya mkojo ikiziba, anaweza kufa ndani ya siku chache.