Mbwa Anakunywa Maji, na Bado Nasema Nenda Ukachanjwe

"Daktari, lakini anakunywa maji!" Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu na watu waliong'atwa, wakiamini mbwa anayekunywa maji hana kichaa cha mbwa; mara ya mwisho na mtu aliyeshika simu kwa mkono uliofungwa kitambaa.

Tulimalize hili upesi. Kuogopa maji ni dalili ya binadamu mwenye kichaa cha mbwa: misuli ya koo hukaza kila akijaribu kumeza. Mbwa haogopi maji. Anaweza kushindwa kumeza kwa kuwa taya na koo vimepooza, na mwenye mbwa akamtia mkono kinywani akidhani amekwamwa na mfupa. Wala si lazima awe mkali. Wapo wanaojikunyata uvunguni kimya, wakafa. Bakuli la maji si maabara.

Kinachoniudhi hasa ni zile siku 10, na hapo lawama ni yetu madaktari wa mifugo. Tunasema, "Mfungie, mwangalie siku 10." Mtu anasikia, "Subiri siku 10." Anasubiri, kwa utii kabisa, na jeraha shavuni.

Siku 10 ni hesabu ya kurudi nyuma. Virusi husafiri ndani ya neva mpaka kwenye ubongo, na kutoka huko ndipo hufika kwenye tezi za mate. Mbwa huanza kuvitoa siku chache tu kabla ya dalili, na dalili zikianza hamalizi siku nyingi. Kwa hiyo akiwa mzima siku ya 10, tunajua jambo moja: siku alipokung'ata, mate yake hayakuwa na virusi. Basi. Hatujasema hana kichaa! Huenda aling'atwa na mwenzake mwezi uliopita na ugonjwa bado uko njiani, maana safari hiyo huchukua wiki hata miezi. Niliwahi kuombwa cheti cha afya kwa hesabu hiyo. Ningeandika nini? "Meno haya yalikuwa salama Jumanne"?

Wewe uliyeng'atwa usisubiri chochote. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kabla hata ya kunipigia, kisha nenda ukaanze chanjo. Mbwa akifika siku ya 10 mzima, daktari wako ataamua kama aisitishe. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa.

"Sawa, lakini uwezekano ni asilimia ngapi?" Hapo mimi hukwama. Mbwa wa nyumbani, kachanjwa, kachokozwa akila: uwezekano ni mdogo, ila nikisema "mdogo" wanasikia "hakuna". Nikisema "utakufa", jioni mbwa wa mtaa mzima wanapigwa marungu, hata waliochanjwa, wakati kinachozima ugonjwa huu ni kuchanja takriban asilimia 70 ya mbwa. Tena yule aliyemponda mshukiwa kichwa ameniharibia ubongo, na ndio ningeupeleka kupimwa.

Siku hizi naanza na hasara, asilimia baadaye: "Nikikosea upande huu, umechomwa sindano bila sababu. Nikikosea upande ule, hatuna la kufanya." Sina amani nayo sana. Mara nyingine namtisha mtu huku moyoni naona mbwa wake pengine ni mzima.

Yule wa kitambaa alinyamaza, kisha akauliza kama anaweza kwenda kesho asubuhi. Nikamwuliza sabuni iko wapi.