Je, wajua nyasi zinaweza kuonyesha sura ya mtu bila tone la rangi?

Katika karakana ya msanii mmoja huku Bwiru, Mwanza, ukutani limetundikwa gunia lililopakwa udongo na kuoteshwa mpunga. Ukilisogelea unaona miche tu. Rudi nyuma hatua chache: sura ya bibi kizee inatokea, macho ya kijani, paji la uso la njano.

Mbinu hii inajulikana sana kupitia wasanii wa Uingereza, Heather Ackroyd na Dan Harvey, wanaofanya kazi pamoja tangu 1990. Mbegu huoteshwa chumba cha giza, kisha projekta huzimulika kwa siku kadhaa kwa negativu ya picha, yaani picha iliyogeuzwa, penye weupe pakawa peusi. Palipopata mwanga huwa kijani, palipobaki gizani huwa njano.

Wageni wengi husema hapohapo kwamba miche ya njano imekauka, au taa imeiunguza. Hapana, iko hai! Ishike: ni laini, imejaa maji, na mara nyingi imeipita ya kijani kwa urefu, maana mche ulio gizani hula akiba ya mbegu ukirefuka kutafuta mwanga. Aliyewahi kuinua ubao uliolalia majani uani ameshaiona rangi hiyo. Wala giza halikuuleta unjano. Unjano huo ni wa karotenoidi, rangi asilia ambazo hata jani la kijani linazo, ila humo zimefunikwa na klorofili, rangi ya kijani ya mimea.

Basi kijani kimekwama wapi? Mfikirie fundi mwenye cherehani ya umeme. Kitambaa ameshakata, vipande ameshavibana kwa pini, umeme ukakatika. Shati karibu lipo, limebaki kushonwa. Mche wa gizani nao umeshaandaa malighafi ya klorofili, lakini kimeng'enya cha kuimalizia, yaani protini inayoendesha hatua hiyo ya kikemia, hakifanyi kazi bila mwanga. Umeme ukirudi kwa dakika chache, mashati machache yatakamilika. Ndivyo mwanga hafifu unavyotoa kijani hafifu, na ndiyo maana hata kivuli cha shavu kinaonekana.

Si kila kiumbe kiko hivyo. Miche ya mipaina huweza kuwa kijani hata gizani, na sianobakteria, bakteria wa rangi ya kijani wanaotanda ziwani, wana kimeng'enya kingine kisichosubiri mwanga.

Kazi kubwa ni kuihifadhi sura. Ikitolewa juani, unjano huanza kugeuka kijani ndani ya saa chache. Ikikaushwa, kijani cha nyasi za kawaida hupotea. Ndipo Ackroyd na Harvey wakashirikiana na watafiti wa nyasi wa Aberystwyth, Wales, wakapata nyasi ambazo kijani chake hakipotei hata zikikauka. Jeni inayohusika ni ileile iliyofanya baadhi ya njegere za Mendel, mtawa aliyegundua kanuni za urithi, zibaki kijani zilipokomaa.