Moto (pikipiki) ya zamani si lazima uipake rangi mupya

Hapa Goma ukitosha moto ya zamani mu depo ya muzee, tuseme Yamaha XT500, kila mutu anakuambia kwangua rangi, paka mupya, kromu ing'ae, njo utauzisha bei kali. Hapana, haiko vile! Benye kutafuta hizi moto banauliza kwanza kama motere ni ile yenye ilitoka nayo ku izini, kule kiwandani, kisha banaangalia rangi ya mwanzo hata kama imefifia, juu ile rangi ukishaikwangua hairudi tena. Na XT500 njo Mufaransa Cyril Neveu alishinda nayo Paris-Dakar ya kwanza, ile mashindano ya kuvuka jangwa, 1979, basi ikiwa nzima osha tu, fungua karibirateri usafishe, badilisha mafuta na mipira yenye imekauka, achia hapo.

Lakini kubadilisha nako si zambi. Kama ni Honda CG125, ile ilianza 1976 na Wachina wakaikopia mpaka piesi zake ziko kila mahali, na yako imeshakula mawe ya volkano ya Nyiragongo miaka na miaka, tanki si yake, motere si yake, unalinda nini hapo? Fanya yako.

Yenye inaniuma ni kukata shasi, ile chuma yenye inabeba moto yote. Niliona kijana mumoja Birere anaikata nyuma ya siti na diski ya kukatia chuma, cheche zinaruka, dakika chache imekwisha. Angefunga siti na gido (usukani) ingine kwa bulo tu, zile za zamani akaziweka mu katoni chini ya kitanda.