Je, wajua kwa nini maji ya rejeta hupungua na chini ya gari hakuna hata tone?

Unafungua boneti asubuhi, maji ya rejeta yamepungua. Unainama uvunguni: pakavu. Unajaza, unaondoka, na baada ya siku mbili yamepungua tena. Maji hayana mabawa. Yamepita wapi?

Anza na kifuniko cha rejeta, ambacho wengi tunadhani kazi yake ni kuzuia maji yasiruke. Kisome juu: mara nyingi kimeandikwa 0.9 au 1.1. Hicho ndicho kipimo cha presha ambayo kifuniko hushikilia kabla ya kuiachia. Dar es Salaam maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda hadi Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na injini nyingi hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 90 na zaidi. Bila presha, gari lingekuwa birika. Kifuniko kizima cha 1.1 hukifikisha kiwango cha kuchemka karibu nyuzi 120 ukiwa pwani. Ndiyo maana hakifunguliwi injini ikiwa ya moto: presha ikitoka ghafla, maji yale hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni.

Sasa, presha hiyo haipo gari likiwa limepoa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye mpira wa rejeta hulala usiku kucha umefumba. Panda nao mlima wa Kitonga, nyuma ya lori linalotambaa: joto linapanda, mpira unatanuka, ufa unafumbuka. Maji yanarushwa kama marashi, yanaangukia bomba la ekzosi na kuwa mvuke kabla hayajagusa lami. Ukifika na kuegesha, ufa umeshafumba.

Kwa hiyo usitafute tone, tafuta alama. Ukitumia maji ya bomba, utaona chokaa nyeupe. Ukitumia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta yenye rangi, utaona ukoko wa rangi yake, pinki au kijani, kwenye klipu, kwenye maungio ya rejeta pale plastiki inapokutana na alumini, au chini ya wota pampu, ile inayozungusha maji kwenye injini. Wota pampu nyingi zina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi: sili ya ndani ikichakaa, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Kitundu hicho kikianza kulia, pampu imeshakwambia inataka kubadilishwa. Kukiziba kwa gundi ni kumziba mdomo shahidi.

Fundi aliyejiandaa hakisii. Gari likiwa baridi, hufunga pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, akapandisha presha hadi ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, bila kuizidisha, kisha akasubiri kama robo saa. Mshale ukishuka, maji yanatoka mahali, na sasa injini haina moto wa kuyakausha. Tochi inamaliza kazi.

Mshale ukishuka na nje bado pakavu, tazama ndani. Huenda ni hita, nyuma ya dashibodi: zulia la mbele lina unyevu wa kunata, kioo kina ukungu wa mafuta, na kuna harufu tamu kama ya sharubati. (Maji masafi yanayodondoka chini ya gari ukiwa umewasha kiyoyozi ni kitu kingine kabisa, usimkaripie fundi kwa hayo.) Huenda pia ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake (hedi), na hapo injini yenyewe inayanywa maji. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, mapovu ndani ya rejeta, mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Si lazima zije zote. Kuna dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Ikipitiwa na hewa ya moshi wa injini hugeuka njano, na ubishi unaisha.

Matengenezo hufuata ugonjwa. Klipu na mpira ni kazi ya muda mfupi. Tangi la plastiki la rejeta likipasuka, gundi hukufikisha nyumbani, si Mbeya. Hedi ikifunguliwa ipimwe kwa rula nyoofu, ichongwe kama imepinda, na boliti zikazwe kwa spana ya kipimo kuanzia katikati kwenda nje. Ile mbinu ya zamani ya kuvunja yai ndani ya rejeta huziba kweli, kwa kuwa ute huganda kwa moto, ila hauchagui: huziba ufa na pia vijia vya rejeta.

Ukishajaza, toa hewa: weka hita kwenye moto wa juu, acha injini ingurume hadi temostati, vali inayoyaachia maji ya moto yaende kwenye rejeta, ifunguke na mpira wa chini uwe wa moto. Hewa iliyonasa hulichemsha gari zima, halafu mtu anadhani bado linavuja.

Mimi yangu yalinigharimu mipira miwili kabla sijatazama tangi la akiba. Lilikuwa limejaa pomoni huku rejeta ikipungua. Maji ya moto yalikuwa yakisukumwa kwenda tangini kama inavyotakiwa, ila injini ikipoa, vali ndogo ya kifuniko haikuyavuta kurudi. Raba yake ilikuwa imekauka kama ganda la muhogo. Nilinunua kifuniko kipya chenye namba ileile. Mipira miwili mizima bado ninayo stoo.