Kumrekodi askari si kosa, kosa laweza kuwa kwenye unachorusha

Nilikuwa kwenye kifodi, daladala ndogo za Arusha, karibu na soko la Kilombero, trafiki aliposimamisha gari na mabishano yakaanza dirishani kwa dereva. Kijana wa siti ya mbele akatoa simu, akaanza kurekodi. Afande akazunguka: "Nani kakupa kibali? Futa." Nilikuwa nyuma ya kijana, nikaona kidole gumba chake kikitetemeka juu ya kioo cha simu kilichopasuka. Akafuta. Gari zima tukamwambia ana bahati hakuwekwa ndani.

Tulimpotosha. Haya ndiyo tunayoambizana kila siku, na si kweli.

"Kumpiga picha askari ni kosa la jinai." Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haina kosa hilo. Askari aliye kazini barabarani yuko mbele ya umma, na ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kilichopo ni kosa la kumzuia askari kufanya kazi yake. Ukimsogezea simu usoni, au ukaingia kati yake na anayemkamata, umejitia matatani mwenyewe. Simama kando. Na penye maeneo yanayolindwa kwa Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, simu ibaki mfukoni.

"Afande akisema futa, lazima ufute." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Sheria inazungumzia kuchukua kifaa, na hata huko kuna utaratibu. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, amri ya kupekua na kuchukua kifaa hutolewa na mkuu wa kituo au ofisa wa ngazi hiyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo inataka mali ikichukuliwa kwa upekuzi itolewe hati ya kuonesha imechukuliwa, yenye sahihi za mwenye mali na mashahidi. Kufuta ni jambo jingine kabisa: video inayohitajika mahakamani ni ushahidi, na kuharibu ushahidi kwa makusudi ni kosa.

Sisemi mgombanie simu barabarani, watu wameumia kwa hilo. Sema kwa adabu: "Afande, naomba twende kituoni, nikabidhi kwa hati." Video ya simu inapokelewa mahakamani ikithibitika ni halisi, kwa hiyo itunze ile ya awali. Usiikate, usiiwekee muziki.

"Nimerekodi mwenyewe, naiandikia ninachotaka." Hapa ndipo watu wanafungwa. Umeona dereva akitoa leseni, wewe unaandika "trafiki kala rushwa", unarusha kwenye magrupu. Kusambaza taarifa unayojua ni ya uongo kwa nia ya kuchafua mtu, sheria hiyo ya 2015 inataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kama rushwa umeiona kweli, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni bure.

"Picha haisaidii kitu." Septemba 2, 2012, mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Iringa, akiwa kazini. Picha zilizopigwa pale zilionesha askari wamemzunguka, nchi nzima ikaziona. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Yule kijana alishukia Sakina. Laiti ningemwambia kabla hajashuka: simu nyingi hutunza video iliyofutwa hadi siku 30 kwenye kapu la taka, na inaweza kurudishwa.