Mkanda wa saa ukilia, usikimbilie mafuta

Hapa Mwanza, mkanda wa saa wa chuma ukianza kulia kwii-kwii kila ukigeuza mkono, kila mtu ana dawa yake. Wa gereji atakuletea kopo la WD-40, ile dawa ya kupuliza. Mama ntilie atakwambia tone la mafuta ya kupikia linatosha. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba hutakosa wa kukushauri mafuta ya sangara. Wote wanaamini chuma kinacholia kina kiu ya mafuta, wakati mara nyingi kinachotakiwa ni maji na sabuni tu.

Vua saa, upinde mkanda mpaka pingili zipanuke, kisha uuangalie juani. Kati ya pingili na pingili utakuta uchafu mweusi umeganda: jasho lililokauka, ngozi iliyokufa, mabaki ya sabuni ya kuogea na, wakati wa kiangazi, vumbi. Anayeshika samaki kutwa aongeze ute na vijipande vya magamba. Uchafu huo hufanya vyuma vinatane kidogo, viachiane ghafla, vinatane tena, haraka haraka. Mtetemo huo ndio sauti unayoisikia. Ukidondosha mafuta hapo, kelele itatulia kwa muda, lakini vumbi likishakorogeka na mafuta linasaga pini polepole, na mafuta yenyewe yanaendelea kukusanya vumbi jipya.

WD-40 nayo watu wanaipa sifa isiyo yake. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Sehemu kubwa ya kilichomo kwenye kopo ni kiyeyusho kinachopotea hewani, na kilainishi kinachobaki ni kidogo. Mbaya zaidi ni kupuliza saa nzima: dawa inajipenyeza kwenye kitufe cha kurekebishia majira, palipo na raba ya kuzuia maji.

Mafuta ya kupikia ndiyo nisiyoyataka kabisa. Ya alizeti na ya pamba, yakikaa hewani kwenye utando mwembamba, hugeuka gundi. Angalia ubavu wa karai lisilosuguliwa vizuri. Mkanda unarudi kulia, safari hii na kunata juu. Ya sangara huchacha upesi, na ndani ya daladala iliyojaa hutahitaji kueleza ulipaka nini.

“Lakini saa yangu imeandikwa mita 30, si naitumbukiza tu?” Hapana. Maandishi hayo ni matokeo ya kipimo cha kiwandani. Kwa matumizi ya kawaida yanamaanisha saa inavumilia matone ya mvua na maji ya kunawa mikono. Kama mkanda unachomoka kwa urahisi, uchomoe. Kama huuwezi, hakikisha kitufe kimebonyezwa hadi mwisho, funika kichwa cha saa kwa mfuko wa plastiki, na ushike mkanda peke yake uning’inie kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo. Uache ulowe dakika kumi hivi, kisha sugua kwa mswaki laini, hasa upande unaogusa ngozi na ndani ya kifungio. Maji yatabadilika rangi, na pengine utaona aibu kidogo. Suuza, futa, uache ukauke kabisa kabla ya kuamua lolote.

Jiki usiiguse: klorini yake huchimba vishimo hata kwenye chuma kisichoshika kutu. Dawa ya meno ina chembe za kusugua, inakwaruza sehemu zilizong’arishwa.

Wapo pia wanaolaumu ziwa, kwamba maji ya Viktoria yanakula chuma. Ziwa hili ni la maji baridi; jasho la mkono wako lina chumvi nyingi kuliko hayo maji. Aliyeogelea baharini Dar ndiye wa kuwahi kusuuza saa yake.

Na mkanda kulia si ushahidi kwamba saa ni feki. Mkanda mpya, halisi kabisa, unaweza kulia kwa sababu pingili zimebanana na bado hazijazoeana.

Ukishaosha, ukakauka, bado unalia? Sasa mafuta yana kazi. Chukua mafuta mepesi ya cherehani, chovya ncha ya kijiti cha meno, gusa viungo kwa upande wa ndani tu. Pinda mkanda huku na huku yaingie, ufute mpaka kitambaa kisitoke na mafuta, uulaze usiku kucha juu ya karatasi kabla ya kuvaa shati jeupe.

Ila shika kichwa cha saa kwa ubavu, mkanda ukae mlalo. Ukiinama sana kuelekea chini, pini na matundu yake vimelika. Hapo hakuna mafuta yatakayosaidia; mpelekee fundi saa akague pini, na umuulize bei ya mkanda mpya kabla hajaanza kugonga.